Mbele ya Reli, Zima King'ora

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mhudumu wa dharura kwenye ambulensi hapa Mombasa, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Tukitoka upande wa Miritini na Changamwe kuja hospitali ya Makadara, mara nyingi tunaivuka reli ya zamani. Dereva wetu ni mzee mwenye uzoefu mwingi na namheshimu kama baba. Lakini akishawasha king'ora hasimami kwenye reli. Anapunguza mwendo kidogo, anatupa jicho upande wake, anapita. Nilipomuuliza alinijibu mambo matatu: sheria inaturuhusu, treni siku hizi ni chache, na mgonjwa hana muda wa kungoja. Je, yuko sawa? Na kama hayuko sawa, mimi niliye mdogo wake nitamwambiaje?"

Marahaba, binti yangu. Umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo gumu. Naanza na la kwanza kwa sababu humo ndimo utakamopata maneno ya kumwambia mzee wako.

Hayuko sawa. Najua moyo wake unavyomwenda mbio akiwa na mgonjwa nyuma, na simwoni kuwa mtu mkaidi. Amechukua kanuni inayofanya kazi vizuri barabarani akaipeleka mahali ambapo haina nguvu hata kidogo.

Fikiria king'ora kinafanya nini hasa. Kinaomba. Ukipita Magongo king'ora kikilia, matatu inajisogeza, tuktuk inapanda ukingo, mwenye mkokoteni anauvuta kando. Wote hao wamekusikia, wamekuona, na wana usukani wa kukupishia. Nafuu ambayo sheria inayapa magari ya wagonjwa na ya zimamoto imesimama juu ya jambo hilo: kwamba wengine wanaweza kukupisha, nawe utapita kwa uangalifu. Dereva wa treni hana usukani. Hata akikuona toka mbali, hata mama yake mzazi akiwa ndiye mgonjwa aliye ndani ya ambulensi yenu, hawezi kusogea pembeni. Mikononi mwake ana honi na breki basi.

Na breki zenyewe zielewe. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo sana, na ndiyo sababu injini moja huweza kuvuta mzigo ambao ungehitaji malori mengi. Sababu hiyohiyo ndiyo inayoifanya treni isitake kusimama. Tena breki za treni ni za upepo: dereva akizivuta, hewa hutoka behewa baada ya behewa mpaka la mwisho, na muda wote huo magurudumu yanakwenda. Huko Marekani wanaofundisha usalama wa reli husema treni ya mizigo ya mabehewa 100, ikienda kilomita 88 kwa saa, huhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu kusimama. Treni za reli yetu ya zamani ni fupi kuliko hizo na mwendo wake ni mdogo, lakini nazo huhitaji mamia ya mita. Dereva akiuona uso wa ambulensi ukichomoza kwenye reli, mara nyingi mambo yamekwisha kuamuliwa kabla hajagusa chochote.

Haya sikuyasoma tu. Nilikuwa kijana, msaidizi wa dereva wa treni, tunashuka na mzigo alfajiri. Mbele yetu nikaona taa zinazozunguka zinakuja kwenye kivuko. (Nikisema kivuko hapa nina maana ya mahali barabara inapokata reli, si feri ya Likoni.) Yalikuwa magari mawili ya wagonjwa yamefuatana. Dereva wangu aliishika honi asiiachie. La kwanza likapita, bado nafasi ilikuwepo. La pili likafuata bila kupunguza mwendo, likapita mbele yetu kwa umbali ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka. Tulipokuja kusimama, kivuko kilikuwa kimeachwa mbali nyuma ya behewa la mwisho. Baadaye nilikutana na dereva wa gari lile la pili. Aliniapia kwamba hakusikia honi kabisa, na nilimwamini. Vioo vilikuwa juu, kipoza hewa kinavuma, redio inaita, king'ora kiko juu ya kichwa chake, na macho yake yalikuwa yameshikamana na taa za nyuma za mwenzake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Wanaokaa karibu zaidi na king'ora chenu ni nyinyi wenyewe. Kimewekwa juu ya paa, futi chache kutoka masikioni mwenu, kikilia kwa sauti iliyokusudiwa kupenya kioo cha lori lililo mbele. Barabarani uziwi huo hauwaletei madhara makubwa kwa sababu wengine ndio wanaosikia kwa niaba yenu. Mbele ya reli hali inageuka. Anayepaswa kusikia ni wewe, na umejiziba masikio kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo ukiniuliza tendo moja tu ambalo kila gari la dharura lingelifanya, nitakwambia hili: zima king'ora kabla hujafika kwenye reli. Acha taa zizunguke. Shusha vioo vyote viwili vya mbele, zima feni ya kipoza hewa, punguza redio, msikilize. Msimu wa kusi upepo huweza kuibeba honi ikaenda upande mwingine kabisa, ndiyo maana vioo vishuke viwili, si kimoja.

Sasa macho. Mzee anaangalia upande wake, umesema. Hapa kwetu dereva hukaa kulia, hivyo upande wake ni kulia, na kushoto kwake kuna nguzo ya kioo, kioo cha pembeni, na wewe mwenyewe umekaa hapo unamziba. Ambulensi nyingi ni sanduku lisilo na madirisha ya maana nyuma. Kama barabara inaikata reli kwa mshazari, kama vivuko vingi vilivyo, basi upande mmoja wa reli uko nyuma ya bega lake na hawezi kuuona hata akigeuza shingo namna gani. Kushoto ni kwako, binti yangu. Kiti chako ndicho chenye dirisha la upande ule. Dereva aangalie kulia aseme kwa sauti, "Kulia kweupe." Wewe angalia kushoto useme, "Kushoto kweupe." Halafu mwangalie tena kila mmoja upande wake, kwa sababu mtazamo wa kwanza mara nyingi hukamata tu kile ambacho jicho lilitarajia kukikuta.

Kuna pia udanganyifu wa jicho ambao hata dereva mzoefu hauepuki. Mwaka 1985 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Herschel Leibowitz, aliandika kuhusu vivuko vya reli akaeleza kwamba kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko kinavyokwenda. Ndiyo maana ndege kubwa ikishuka uwanja wa ndege wa Moi huonekana kama inaelea. Treni inayokuja usoni kwako hukuzwa na jicho taratibu sana ikiwa mbali, kisha ghafla inajaa kioo chote. Mtu anayepima "nitawahi" kwa jicho anapima kwa mizani iliyoharibika, na uzoefu wa miaka thelathini hauitengenezi mizani hiyo. Unamwongezea tu imani nayo.

Tufanye hesabu. Treni inayokwenda kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kila sekunde. Ambulensi ya urefu wa mita 6 ikisimama mita 5 kabla ya reli, ikaondoka kwa utulivu ili mgonjwa asirushwe, itahitaji kama sekunde 6 hadi mkia wake uwe mita 3 ng'ambo. Katika sekunde hizo treni imekuja mita 83. Gari la zimamoto lenye urefu wa mita 10 na tangi limejaa ni zito zaidi. Hesabu sekunde 8, na treni imekuja zaidi ya mita 110. Ukikaa mahali ambapo huoni reli mita 200 kila upande, kwa sababu ya kona, ukuta wa godauni, kontena zilizopangwa au majani yaliyoota baada ya masika, basi macho peke yake hayatoshi. Mmoja ashuke, asogee mbele kwa miguu asikilize na kutazama, kisha awavushe. Ndiyo, hata na king'ora. Na kumbuka behewa ni pana kuliko reli: reli ya zamani ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma, lakini behewa hutokeza karibu mita nzima nje ya kila upande. Ukisimama pua ikiwa nusu mita kutoka kwenye chuma, umesimama ndani ya njia ya treni.

Nije kwenye hoja yake ya pili, kwamba treni ni chache. Namwelewa. Tangu reli ya kisasa ilipofunguliwa mwaka 2017, abiria wa Nairobi wanashukia Miritini, na reli ile imejengwa juu ya madaraja na njia za chini, imezungushiwa uzio, haikutani na barabara uso kwa uso. Kizazi kizima cha madereva kimezoea kuona treni ikipita juu ya vichwa vyao. Lakini reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1896 haijazikwa, na uchache wa treni ni hatari ya aina yake. Dereva aliyepita mahali mara mia mbili bila kuona kitu hajifunzi kwamba ni salama. Anajifunza kutotazama. Wengine huniambia, "Reli ina kutu, haitumiki." Kwa hewa hii ya chumvi tuliyo nayo chuma hushika kutu upesi mno, na treni moja ikipita alasiri haiulizi kutu ya asubuhi. Wala usitegemee ratiba. Treni ya mizigo huja inapokuja.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa barabarani hawalijui, na upande wa Shimanzi na bandarini ndiko lilipo zaidi. Mabehewa yanapopangwa, injini mara nyingi husukuma badala ya kuvuta. Injini iko nyuma kabisa, pengine mabehewa ishirini huko. Kinachokuja kwenye kivuko ni tako la behewa: halina taa kubwa, halina mngurumo, linakuja kama ukuta unaotembea. Anayeongoza ni mtu mmoja mwenye bendera au taa na redio. Usiku, kama umezoea kutafuta taa ya mbele ya treni, utaangalia, utaona giza, utasema kweupe. Kwenye matawi hayo ya reli simama kila mara, zima king'ora, na usikilize mlio wa magurudumu na minyororo ya kuunganishia. Kwa sababu hiyohiyo mtu asipenye kamwe chini au katikati ya mabehewa yaliyosimama kwenye kivuko, hata kama mgonjwa anaonekana ng'ambo ya pili. Mabehewa hayo huondoka bila kuaga. Mzunguke, au mwombe kwa redio yakatwe.

Na treni ya pili! Tarehe 28 Desemba 2024, mji wa Delray Beach, Florida, gari la zimamoto lenye ngazi lilifika kwenye kivuko vizuizi vikiwa vimeshuka. Likangoja treni ya mizigo ipite. Ilipopita, likazunguka vizuizi vilivyokuwa bado chini, na treni ya abiria iliyokuwa ikija kwenye njia ya pili ikalipiga. Wazimamoto watatu waliumia, na abiria kadhaa ndani ya treni. Hao walikuwa watu waliofunzwa, kwenye kivuko chenye taa, kengele na vizuizi. Walisimama, wakangoja, wakafanya karibu kila kitu sawa. Lililowashinda ni pumzi ile ya kufarijika, "imepita." Penye njia zaidi ya moja, mkia wa treni ya kwanza ni pazia linaloficha ya pili. Ngojeni mpaka mkia huo umekwenda mbali kiasi cha kuwaachia mwone njia zote, na kama kuna kizuizi kimeshuka, kimeshuka kwa ajili ya kitu ambacho bado hamjakiona.

Hapo hapo niseme juu ya kupungiwa mkono. Kwenye vivuko vyetu utakuta bodaboda au muuza maji amesimama anawaashiria, "Pita, pita!" Nia yake ni njema. Lakini mkono wake si ruhusa, wala ambulensi iliyo mbele yenu si ruhusa, wala pikipiki ya polisi. Mwezi Novemba 2012 huko Midland, Texas, maandamano ya kuwaenzi wanajeshi wa zamani yalikuwa yakisindikizwa na polisi. Lori lililobeba wanajeshi hao na wake zao liliingia kwenye reli, treni ikalipiga, wanajeshi wanne wakafa. Anayesindikizwa hukabidhi macho yake kwa anayemsindikiza. Kwenye msafara kila gari lisimame peke yake na litazame upya kana kwamba ndilo la kwanza.

Hatari ambayo mimi huihofia zaidi hapa Mombasa, hata kuliko kutosikia honi, ni foleni. Unaijua Changamwe saa kumi na moja jioni, matrela yamekaa pua kwa mkia. King'ora kinalia, magari yanajaribu kuwapa nafasi, hayana pa kwenda. Sasa angalia ni wapi patakuwa na nafasi wazi: juu ya reli yenyewe, kwa sababu madereva wenye akili wameiacha wazi. Pengo lile linamvuta mzee kama mlango uliofunguliwa. Anaingia, lori la mbele linashindwa kusogea, tuktuk inaziba nyuma, na ambulensi imekaa juu ya reli na mgonjwa ndani. Msiingie kwenye reli mpaka mmeona ng'ambo nafasi inayotosha gari lenu zima na mita kadhaa za ziada, na nafasi hiyo iwepo sasa, si itakayopatikana lori likisogea. Ikiwa ni gari la gia za mkono, gia ya kwanza iingizwe kabla ya kuingia na isibadilishwe juu ya reli.

Hoja ya tatu ndiyo iliyo ngumu kwa mtu mwenye huruma: mgonjwa hana muda. Sitamdharau kwa hilo. Moyo uliosimama, kila dakika inayopita bila mshtuko wa umeme wala kusukumwa kifua hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Dakika ni kitu kikubwa. Lakini kusimama, kuzima, kushusha kioo, kutazama mara mbili na kuondoka ni sekunde 15, na ukiwa na mgonjwa tayari ndani, sekunde hizo mwenzako nyuma anaendelea kumhudumia. Tena nyuma hakuna aliyefunga mkanda vizuri. Wewe au mwenzako umeinama juu ya kitanda, mtungi wa oksijeni uko pale, jamaa wa mgonjwa amekaa ubavuni. Treni ikigusa gari hilo, hata kwa mwendo wa chini, watakaoumia kwanza ni wale ambao hawakuwa na usukani. Na yule mgonjwa mwingine wa Jomvu anayesubiri ambulensi hiyohiyo iende kumchukua hatapata gari usiku ule. Sekunde 15 mnazipata mara kumi kwa kuchagua njia mapema kabla ya kutoka kituoni.

Hilo la njia lifanyeni wiki hii. Chukueni siku moja tulivu, mpite kwenye kila kivuko mnachokitumia, mkiandike: jina ambalo wenyeji wanakiita, nguzo ya kilomita ya reli iliyo karibu, kina njia ngapi, upande gani unaona vibaya, na njia mbadala ni ipi. Marekani kila kivuko kina kibao cha buluu chenye namba yake na simu ya kupiga. Msingoje kibao. Tafuteni namba ya wanaoongoza treni, iandikwe kwenye karatasi ibandikwe mbele ya dereva, pamoja na 999 na 112. Mtu aliyekwama juu ya reli hana akili ya kutafuta namba.

Mkikwama, basi. Ikiwa gari linazimika au limebanwa na haliondoki mara moja, dereva asiendelee kulibembeleza. Wote nje, na mgonjwa nje, hata kama ni kwa kubebwa kwenye shuka bila kitanda. Ondokeni kwenye reli, kisha mwende mshazari kuelekea kule treni inakotoka, mkijitenga na reli. Watu hukimbia kwa kuifuata treni inakoelekea, na huko ndiko vipande vya gari vitakakorushwa. Mmoja apige simu huku wengine wakikimbia kando ya reli, pande zote mbili ikiwa watu wapo, mbali kadiri wanavyoweza, kitambaa chekundu mchana au tochi usiku, wakikipunga kwa nguvu. Dereva yeyote wa treni akiona kitu kinapungwa kwa fujo mbele yake anajua maana yake ni simama. Kama mmenaswa katikati ya vizuizi vilivyoshuka, kanyageni mtoke: boriti ile imetengenezwa ivunjike.

Wenzenu wa zimamoto wana la ziada. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 5,000 ni tani 5 zinazoyumba. Gari hilo halisimami kama lilivyosimama likiwa tupu. Na mkiitwa kwenye ajali au moto kando ya reli, msiegeshe juu yake hata kwa dakika moja. Septemba 2022 huko Colorado askari aliegesha gari la polisi juu ya reli wakati wa kumkamata mwanamke mmoja, wakamfungia ndani yake, treni ikalipiga gari naye akiwa humo. Aliokoka, lakini akiwa na majeraha makubwa. Mpira wa maji usipitishwe juu ya reli mpaka mmeambiwa treni zimesimamishwa, na jifunzeni kutofautisha maneno mawili: "Tumepiga simu" na "Wamethibitisha treni zimesimama." Watu wamekufa katikati ya maneno hayo mawili. Kwenye reli ya kisasa treni ya abiria huenda kilomita 120 kwa saa, hivyo ndani ya uzio msiingie bila uthibitisho huo. Na wenzetu wa Tanzania wanaosoma haya wakumbuke kwamba reli yao mpya inayotoka Dar es Salaam ina waya wa umeme wa volti 25,000 juu yake. Huko maji na ngazi vingoje mpaka umeme umekatwa na kuthibitishwa.

Sasa swali lako la pili. Usimwambie mzee juu ya reli. Pale ana haraka, ana wasiwasi, na neno lako litasikika kama dharau ya mtoto kwa mkubwa. Mwambie asubuhi mkipokea zamu, kabla simu ya kwanza haijaingia, mnapokagua gari. Usianze na kosa lake. Anza na kiti chako. Mwambie: "Mzee, kwenye reli wewe huoni kushoto kwa sababu nimekuziba mimi. Naomba kazi ya kushoto iwe yangu. Nikisema kweupe, twende. Nisipokuwa nimesema, tusubiri." Hapo hujamfundisha kuendesha. Umeomba kubeba sehemu ya mzigo wake, na sijaona mzee wa Pwani anayemkatalia kijana anayeomba kusaidia.

Kisha mpatane juu ya neno moja. Sisi kwenye injini, msaidizi alipotamka neno "Simama," dereva alivuta breki kwanza na kuuliza baadaye, hata kama msaidizi huyo alikuwa na wiki mbili kazini na dereva ana miaka ishirini. Ukubwa ulirudi treni ikiwa imekwisha kusimama. Mwombe mzee akupe neno hilo kwa reli peke yake, na aliye nyuma na mgonjwa awe nalo pia. Mwahidi kwamba hutalitumia kwa jambo jingine lolote barabarani.

Kama bado anakataa, mpelekee msimamizi wenu pendekezo la kuandikwa kanuni kwa magari yote, bila kutaja jina la mtu, ili mzee naye aifuate bila kuona aibu. Na safari ya kwanza mtakayofika kwenye reli, shusha kioo chako kabla hujaambiwa, toa kichwa kidogo, angalia, useme kwa sauti. Atakusikia, kwa sababu king'ora kitakuwa kimezimwa.